Mguu wa Fundi

Tangu tumzike kaka yangu sikuweza kusali. Nikianza, maneno yananikwama kooni kama mwiba wa samaki. Ndipo wifi yangu, mjane wake, aliponipeleka kwenye ibada ya kimya, ghorofani juu ya duka la dawa: watu wa dini zote, nusu saa, hakuna neno.

Mara mbili nilitoka mbio. Mimi ni fundi cherehani. Miaka kumi na minne mguu wangu unakanyaga, na hata nikikaa bure unacheza wenyewe. Nikaapa: nikishindwa mara ya tatu, basi, sisali tena.

Wiki nzima nikajiandaa. Mshona viatu jirani akaniazima tasbihi yake. "Usihesabu kama vifungo," akanionya. Nikahesabu kama vifungo. Mtawa ninayemshonea akanifundisha kuvuta pumzi kwa "Bwana" na kuishusha kwa "nihurumie". Nikapata kwikwi. Muuza vitambaa, Mhindu, akaniambia nitazame mwali wa taa, mawazo yapite tu. Nikaona utambi umepinda, nikainuka kuukata.

"Wewe wifi, hata kimya unataka ukimalize kama oda," wifi alinicheka.

"Na wewe unanyamaza kwa kuwa huna la kusema."

"Ninalo. Nimeliweka."

Nikarudi kukanyaga cherehani yangu.

Siku ikafika, tukakaa. Dakika ya tatu mguu ukaanza. Benchi likalia kama kitanda cha zamani. Mzee wa mbele akakohoa kikohozi cha kukemea. Nikaubana mguu kwa mkono. Mtetemo ukahamia begani. Mlango ulikuwa hatua nne tu.

Vidole vyangu vikafanya wanachofanya mafundi kila asubuhi. Kabla ya kushona hujaza uzi kwenye bobini, kile kidude cha uzi wa chini: unalegeza ile skrubu kubwa ya gurudumu, mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, lakini sindano imesimama. Nikaizungusha skrubu hiyo hewani, juu ya goti. Haya, kanyaga. Sindano isishuke.

Mguu haukuacha. Benchi likalia, mzee akakohoa. Kaka akanijia na kile kicheko chake cha puani. Sikumkimbia, wala sikumtafutia maneno. Nikakaa.

Watu walipoanza kuvaa viatu, wifi aliniinamia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umeomba nini?"

"Bado," nikamwambia, mguu ukikanyaga. "Najaza uzi."