Mtego Usio na Polisi

Madereva wa barabara ile walikuwa na lugha yao, na kuijua hakukuhitaji shule. Gari linalokuja mbele yako likikupigia taa mara mbili mchana kweupe, maana yake ni moja tu: mbele kuna askari na kamera ya mwendo, ondoa mguu kwenye mafuta. Ukishawapita, nawe unampigia anayekuja upande wa pili. Hakuna aliyeuliza anampigia nani. Awe mwenye gari jipya au mwenye mkweche unaokohoa, walionyana kama ndugu wa tumbo moja, na dereva aliyepita kimya bila kuwaonya wenzake alisemwa vijiweni mpaka masikio yakamwasha.

Shangazi aliijua lugha hiyo kuliko wengi. Aliendesha gari la mikate la kiwanda kidogo cha mjini. Kila asubuhi alitoka na trei zimejaa, akapita shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu, akaendelea mpaka chini ya mlima, mahali ambapo askari hupenda kujibanza nyuma ya bango la matangazo, kisha akapanda kugawa mikate kwenye maduka ya juu. Jina lake halisi lilijulikana na mwajiri wake na leseni yake. Wengine wote, mpaka watu waliomzidi umri, walimwita Shangazi, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na binti wa mdogo wake kila gari la mikate lilipopita getini pa shule. "Shangazi! Shangazi!" Darasa zima likaitikia, na jina likaganda.

Msichana huyo aligongwa kivukoni, hapo hapo mbele ya geti. Aliyemgonga alikuwa ameonywa kwa taa huko mlimani, naye akapita mbele ya kamera taratibu kama bibi harusi, hata akampungia sajenti mkono. Alipowaacha askari nyuma akakanyaga mafuta kufidia muda alioupoteza. Mtoto hakufa, tushukuru, lakini mguu wake una vyuma ndani na sasa anavuka barabara kwa mkongojo, nyuma ya wenzake wote.

Walimu wakaomba matuta. Wakajibiwa kwamba barabara kuu haiwekwi matuta. Wakaomba askari wa kuwavusha watoto asubuhi. Wakajibiwa kwamba askari hawatoshi. Lakini wa kusimama nyuma ya bango walitosha siku zote, mvua inyeshe, jua liwake. Shangazi aliijua sababu bila kuambiwa. Kule mlimani gari linakimbia lenyewe, na pa kujificha papo. Shuleni ni peupe. Dereva angemwona askari kwa mbali, angepunguza mwendo, na asubuhi nzima ingepita bila kukamatwa hata mtu mmoja. Kuna watu wazima, wenye vyeo na akili zao, walioona kwamba hiyo ni hasara.

Basi Shangazi akaamua kusema uongo. Akishaipita shule tu, kila gari lililokuja mbele yake alilipigia taa mara mbili. Hapakuwa na askari wala kamera, palikuwa na watoto na mabegi yao. Madereva waliotoka kuupita mtego wa kweli wakang'aka, "Leo wametega mara mbili, washenzi hawa!" Wakashika breki, wakaingia kivukoni wakitambaa, shingo nje, wakimtafuta askari vichakani. Katika kumtafuta askari wakawaona watoto. Shangazi aliwatazama kwenye kioo cha pembeni akacheka peke yake mpaka machozi, kwa furaha aliyokuwa hajaionja tangu siku ya ajali.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga hawakukosea. Madereva walipokutana kwa fundi wa magurudumu walilinganisha habari zao, wakagundua kwamba mtego ule wa shuleni ulionekana na gari la mikate peke yake. Maneno yakasambaa hadi kwa sajenti aliyesimamia kamera, naye asubuhi moja akamsimamisha Shangazi pale kwenye bango.

"Shangazi, naambiwa unawaonya watu. Huko ni kuzuia kazi ya polisi."

"Kazi gani, afande? Mimi napiga taa shuleni. Nyinyi mpo shuleni?"

Sajenti akakuna shavu. "Hatupo."

"Sasa nimezuia nini? Kutokuwepo kwenu?"

Askari mwenzake alicheka, akajifanya anakohoa. Sajenti hakucheka. Hakuwa mtu mbaya, na alichosema kilimchoma Shangazi kwa sababu kilikuwa na ukweli ndani yake. "Nyinyi mnaoonyana mnafundishana kuogopa kamera, hamfundishani kuogopa kuua. Anayepunguza kwa ajili ya taa anapunguza hapa tu, huko mbele anaruka. Aliyeadhibiwa ndiye anayekumbuka. Na wewe unajua, maana yaliwafika nyumbani. Nikisikia tena unapiga taa, leseni naondoka nayo."

Shangazi aliyatafuna maneno hayo njia nzima ya kupanda mlima. Tangu siku hiyo hakumpigia taa tena mtu yeyote kwa ajili ya wale askari wa nyuma ya bango. Anayekimbia, na akamatwe. Lakini shuleni hakuacha, leseni au si leseni.

Haikupita wiki, akiwa ametoka kuwapita askari na anaanza kupanda, akaiona teksi ya bluu ikiporomoka kutoka juu, mbio. Dereva alikuwa mdogo wake, baba wa msichana. Kidole cha Shangazi kikaenda kwenye swichi ya taa, kikatulia hapo. Alikuwa na nafasi ya kutosha kabisa. Akaikumbuka njia ambayo teksi ile hupita ikishaupita mtego, akaliona geti la shule, na kidole hakikubonyeza. Teksi ikampita kama upepo, na chini mlimani sajenti akatoka nyuma ya bango ameinua mkono.

Lilikuwa kosa la tatu la mdogo wake. Leseni ikafungiwa, na mwenye teksi akazichukua funguo zake.

Jumapili madereva wakamwita Shangazi uani kwa fundi wa magurudumu. Mwenyekiti wao, mzee wa malori aliyeheshimiwa kwa sauti na kitambi, alikalia gurudumu. Wengine walisimama. Mdogo wake alikuwa nyuma kabisa, anatazama chini.

"Shangazi, hatuna ugomvi na wewe," Mwenyekiti akaanza. "Lakini umeigeuza lugha yetu juu chini. Pasipo na askari unapiga taa. Penye askari unanyamaza. Sasa sisi tushike lipi?"

"Mshike breki."

Wawili watatu wakacheka, wakamwona Mwenyekiti hacheki, wakanyamaza. Ndipo mdogo wake akasogea mbele.

"Uliniona, dada."

"Nilikuona. Ulikuwa unakuja kama umefukuzwa na nyuki."

"Mimi ni mdogo wako! Umenibeba mgongoni! Ungebonyeza mara moja tu."

"Kidole kilikuwa kwenye swichi. Nikakikataza."

"Na nyumbani kwangu watakula nini?"

Hilo lilimwingia. Alimpenda mdogo wake, alimpenda hata alivyokuwa pale amemkasirikia. "Mkate nitaleta mimi," akasema. "Kila siku nitaleta. Mguu wa mwanao nitautoa wapi? Na wewe, wewe uliyemlaza hospitali, unapita palepale mbio. Mkuki kwa nguruwe?"

Mwenyekiti akainuka kwenye gurudumu lake. "Tusirefushe. Umwombe radhi mdogo wako hapa mbele yetu, na uape kwamba taa utapiga penye askari tu. Ukikataa, nakwenda kwa bosi wako. Ananisikiliza, unajua. Gari hilo litapata dereva mwingine."

Gari lile lilikuwa kazi yake ya pekee. Shangazi aliwatazama mmoja mmoja, watu aliowaazima jeki na waliowahi kumvuta matopeni.

"Sajenti amesema niache. Nanyi mnasema niache," akasema. "Miaka yote mnagombana na polisi, leo mmekubaliana. Na mlichokubaliana ni kwamba watoto wajivukie wenyewe. Siombi radhi kwa mtu."

Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata bosi alikuwa hajafika kazini, kwa hiyo funguo zilikuwa bado ukutani. Shangazi akapakia mikate, akatoka, akaipita shule. Gari la kwanza alilipigia taa mara mbili. Dereva akamtikisia kidole na kukanyaga mafuta. La pili likapiga honi, mtu ndani yake akicheka. La tatu halikumjali kabisa. Uongo ulikuwa umekufa. Kwenye kioo akaona watoto waliokuwa wamekanyaga kivuko wanarudi nyuma mbio, wakivutana mashati.

Akageuza gari. Akawasha taa za tahadhari, akaenda mwendo wa konokono mpaka kivukoni, kisha akakata usukani, akalilaza gari la mikate katikati, likafunga njia zote mbili. Akazima, akautia ufunguo mfukoni, akashuka.

"Piteni," akawaambia watoto. "Taratibu. Leo hakuna haraka."

Honi zikalia pande zote. Mwanamume mmoja mwenye tai akateremsha kioo. "We mama, una wazimu?"

"Ninao. Usiukaribie."

Foleni ikarefuka. Lori la Mwenyekiti lilikuwa la pili, na mzee mwenyewe alikuwa nyuma ya usukani. Mdogo wake Shangazi alikuwa pembeni ya barabara, kwa miguu, ameshika begi la binti yake. Hakuwa na gari tena, kwa hiyo alikuwa amemsindikiza shule. Alitazama magari yale, akatazama nyuso za rafiki zake nyuma ya vioo, akatazama upana wa barabara ambao mwanawe alikuwa anauanza kwa mkongojo. Pikipiki moja ikajaribu kujipenyeza kwenye uwazi mdogo mbele ya gari la mikate. Mdogo wake akaingia kwenye uwazi ule, akatanua mikono, akaukaa. Dada yake hakumtazama.

Foleni ilipofika mlimani, kamera ikakosa cha kupima. Sajenti akaja kwa miguu, akitota jasho, kofia mkononi, na hivyo ndivyo askari alivyofika shuleni baada ya maombi yote yale.

"Shangazi! Umefunga barabara kuu!"

"Nimeifunga, afande. Leo sina uongo."

Akatoa leseni yake mwenyewe, akamkabidhi. Sajenti akaigeuza, akatoa kalamu, akatazama nyuma yake ambapo msichana mwenye mkongojo alikuwa ndiyo kwanza anafika katikati, na wadogo zaidi wakimfuata mstari.

"Andika," Shangazi akamwambia. "Ila andika polepole. Bado hawajaisha kuvuka."