Vuli ya Doña Amparo

Doña Amparo Grijalva alisema, na huyo mama akisema amesema, kwamba hakuna mtoto wake atakayehama Tucson, mji wao wa jangwani, eti kwa sababu ya majani.

Maneno yenyewe aliyadaka kwa bahati tu. Alikuwa anapita uani na kapu la nguo, dirisha la chumba cha nyuma liko wazi, na mke wa mwanawe, Britta, yuko kwenye simu na mamake aliye kwao Minnesota, kwenye nchi ya baridi. "Hata vuli hakuna huku, mama," Britta alikuwa anasema. "Oktoba hii, watu bado wanaogelea. Majani hayageuki rangi, hayapukutiki. Hakuna kitu." Kisha akaongeza jambo lililomfanya Doña Amparo aliweke kapu chini. Hospitali ya kwao imempa kazi, wanataka jibu Halowini, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba ya maboga na vinyago, ikipita, na Efrén amekubali kumfuata atakakokwenda.

Efrén ndiye mwanawe wa pekee. Alifiwa na mume mtoto angali anatambaa, akamlea kwa cherehani, akishona magauni ya harusi za watu mpaka macho yakaanza kumsumbua. Mwana alipooa, mama alisafisha vyumba viwili vya nyuma, akavipaka rangi, akatangaza mtaa mzima kwamba mtoto wake hatalipa kodi kwa mtu wakati yeye ana paa. Sasa apokonywe hivi hivi, na majani?

"Vuli anaitaka, vuli ataipata," alimwambia shoga yake Chela, jirani wa nyumba ya kona. "Mimi nitampa vuli mpaka aseme basi."

"We, hiyo vuli utaishona?" Chela alimuuliza.

"Nikilazimika."

Basi Jumamosi ya wiki ile yeye, Efrén na Britta wakaenda kwenye shamba la maboga. Kama kuna mtu hajaona shamba la maboga la jangwani, ajue kwamba maboga yenyewe hayakuota pale. Yanaletwa na malori kutoka kwenye ubaridi, yanapangwa juu ya nyasi kavu, na watu wanayaokota kwa furaha kabisa kama walioyapanda kwa mikono yao. Jua lilikuwa linachoma. Watoto waliovaa manyoya ya mbwa mwitu walikuwa wanabebwa wamelegea, rangi za usoni zinawachuruzikia shingoni. Trekta ilikuwa inazungusha watu kwenye tela, na Doña Amparo alishawakatia tiketi wote watatu kabla Britta hajafunga mlango wa gari.

Britta alitembea polepole kati ya maboga, akainama, akainua moja lililopinda, lenye kikonyo kirefu kama mkia wa panya. Alilipangusa vumbi. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikuwa anatabasamu.

"Aa, si hilo mwanangu, hilo kilema," Doña Amparo akasema, akamtoa lile boga mikononi na kumpa la duara, zito, lisilo na doa. "Hili ndilo boga. Mimi nayajua."

"Sawa, mama," Britta akasema.

Sawa, mama. Ndilo neno lake, huyo binti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Britta alikuwa na miezi saba katika nyumba ile na jembe hakuwahi kuliona hata mpini. Akiinuka kuosha sahani, Doña Amparo yuko nyuma yake: pumzika, mwanangu. Akifungua friji, kuna sauti: una njaa? kaa, nakuandalia. Hata chupi zake zilikuwa zinafuliwa na kukunjwa vizuri, zinamngoja kitandani. Doña Amparo aliyaita hayo mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi, mengi tu, ya kumzamisha mtu.

Jioni boga lilichongwa. Na nani? Mnajua na nani. Britta alishika gazeti la kukingia mbegu. Doña Amparo alichonga macho na meno safi kama ya tangazo la dawa ya mswaki, akaliweka kibarazani, akasimama mkono kiunoni kulitazama. Siku ya tatu joto likalilegeza, likabonyea mdomo kama bibi kizee aliyevua meno, na usiku wake nguruwe-mwitu wakashuka kutoka kwenye midungusi wakalimaliza, wakaacha kikonyo na vinyesi.

"Hata nguruwe wamelipenda," Doña Amparo alisema asubuhi, akichukua ufagio.

Efrén alicheka. Britta alitazama kikonyo, akaenda kujiandaa na kazi.

Chela aliyaona yote hayo kutoka kwenye ua wake. "Shoga, msichana anazidi kukonda."

"Anakula vizuri. Namlisha mwenyewe."

"Ndilo ninalosema."

Doña Amparo hakutaka kulisikia. Alikuwa na silaha yake kubwa, nayo ilikuwa Mlima Lemmon. Pale juu, mwendo wa saa moja tu kutoka kwenye joto, kuna miti yenye magome meupe, na kila Oktoba majani yake yanageuka manjano tupu. Tucson nzima hupanda kwenda kuyaona. Na Tucson nzima, mwaka baada ya mwaka, hufanya kosa lile lile. Huku chini jua linawaka, nani atakumbuka koti? Wanapanda na kaptula na ndala, wakifika juu wanapigwa na upepo wa kukata masikio, wanarudi mbio kwenye magari. Wanacheka, wanaapa mwakani watabeba makoti, na mwakani hawabebi.

Jumapili Efrén alikuwa zamu kwenye gari la wagonjwa, kwa hiyo walikwenda wawili, mama mkwe na mkwe. Doña Amparo alivaa gauni jepesi la maua na viatu vya wazi, kucha za miguu amezipaka rangi ya boga. Alipakia tamale, unga wa mahindi na nyama vilivyofungwa kwenye maganda, za kutosha kikosi. Njiani aliongea yeye: hapa palikuwa hivi, pale aliwahi kumleta Efrén akatapika, angalia kulia, sasa angalia kushoto.

Majani yalikuwepo, haki ya Mungu. Kilima kizima kilikuwa manjano, na upepo ukipita yanalia cha cha cha na kudondoka. Britta alishuka garini, akasimama katikati yake. Akaokota moja, akalinusa.

"Umeona?" Doña Amparo akasema. "Nani kasema hatuna vuli? Njoo huku, huku ndiko kuzuri zaidi. Simama hapa nikupige picha. Hapana, hapo."

Walikuwa wamekwisha kuacha gari mbali, wamo ndani ya miti kabisa, wingu lilipofunika kilele. Upepo ukageuka. Kwanza ikaja mvua ya baridi, kisha mvua ikawa punje za barafu zinazochapa usoni. Watu wa ndala wakaanza kupiga mayowe na kukimbia. Doña Amparo hakukimbia, maana vidole vya miguu havikuwa vyake tena. Alijikumbatia, meno yanagongana, akasema ni upepo tu huu, utapita, mimi nimezaliwa hapa. Kisha akateleza, akakaa chini kwenye tope na majani.

Britta alikuwa na begi mgongoni ambalo mama mkwe alishamwambia mara mbili aliache nyumbani. Akalifungua. Kulikuwa na makoti mawili, kofia, soksi za sufu.

"Nipe mguu, mama."

"Sina baridi."

"Mama." Sauti ilikuwa ya chini, lakini Doña Amparo hakuwahi kuisikia. "Midomo imekuwa ya bluu. Nyamaza kidogo, unipe mguu."

Akanyamaza. Binti akapiga magoti kwenye tope, akamvua viatu, akamsugua nyayo kwa viganja mpaka damu ikarudi na kuwasha kama upupu, akamvalisha soksi, akamfunga koti hadi kidevuni. Akamnyanyua. Wakatembea taratibu wakishikana, na kwenye gari Britta akanyoosha mkono bila kuomba radhi. "Ufunguo."

"Barabara huijui."

"Barabara siijui. Barafu naijua."

Wakashuka. Magari ya watu wa Tucson yalikuwa yanateleza huku na huko, mengine yameegeshwa pembeni wenyewe wamejishika vichwa. Britta aliendesha polepole, hagusi breki ovyo, kona baada ya kona, uso umetulia. Doña Amparo alimtazama kwa pembe ya jicho, na alichokiona kilimshangaza. Mwanamke mzima alikuwa ndani ya gari lake. Yule wa "sawa, mama" hakuwemo.

Walipofika chini, jua likiwa linawaka kama hakuna kilichotokea, akauliza, "Majani umeyaona. Sasa unakosa nini kwetu, mwanangu? Niambie, nitakutafutia."

Britta aliegesha gari pembeni, akazima injini. "Si majani."

"Nilisikia kwenye simu."

"Nilimwambia mama majani kwa sababu lingine ni gumu kulisema. Miezi saba niko kwako, mama, sijakaanga hata yai. Sijui chumvi inakaa wapi. Boga langu ulinipokonya mkononi. Unanipenda, najua, ndiyo maana nashindwa kulalamika. Nikilalamika, naonekana mtovu wa shukrani. Basi bora niondoke."

"Nimekuheshimu kuliko mwanangu wa kumzaa."

"Umenikaribisha vizuri. Na bado unanikaribisha mpaka leo."

Doña Amparo aliumia, na alipoumia alikasirika, kama watu wengi. Siku mbili alipika akibamiza milango ya kabati. Aligongesha masufuria. Alimwendea Chela akamwaga yote: mimi niliyekesha, mimi niliyepaka rangi vyumba, leo naambiwa nimezidisha? Chela alimsikiliza mpaka mwisho, akamkatia kipande cha boga lililopikwa kwa sukari guru, akasema, "Na mama mkwe wako wewe, marehemu, ulikaa naye muda gani?"

"Usimtaje yule mwanamke."

"Nauliza tu."

Alikaa naye mwaka mmoja, na mwaka huo alilia chooni kila Jumapili bomba likiwa wazi ili asisikike. Hakuwa amelikumbuka siku nyingi. Alikula boga lake. Alipomaliza alisema, "Ile nyumba yako ndogo ya mtaa wa pili, bado tupu?"

Usiku ule mezani aliweka ufunguo kati ya sahani. 

"Nyumba ya Chela. Kodi ni ya kishkaji. Mtahamia Ijumaa."

Efrén alitoa macho. "Mama, unatufukuza?"

"Nakufukuza wewe, ndiyo. Umenenepa mno." Kisha akamgeukia Britta, na hapo mzaha ukamwishia. "Sikuombi ubaki. Ukienda kwenu, ni kwenu, sina neno. Ila uende kutoka kwenye mlango wako mwenyewe. Usiende kwa kunikimbia mimi. Hilo ndilo linaloniuma."

 Britta aliuchukua ufunguo. Hakusema atabaki, hakusema atakwenda.

Wakahama. Doña Amparo hakuwasaidia kubeba hata kijiko. Alijiapiza kwamba hatatia mguu pale bila kuitwa, na kiapo hicho kilimtesa kuliko mfungo wa Kwaresima. Vyumba vya nyuma vilikuwa vinamtazama. Alipika chakula cha watu watatu, akakila siku tatu.

Halowini ikafika, usiku wa watoto kupita mlango kwa mlango na mavazi ya kutisha wakiomba peremende. Jua lilipotua akavaa gauni lake jeusi la uchawi na kofia yenye ncha, akakaa kibarazani na beseni la peremende, kama kila mwaka. Watoto walikuja, majini, mafuvu, malkia waliolowa jasho. "Pipi au vituko!" Akawapa. Kesho Britta angepaswa kujibu hospitali ya kwao, na hakuna aliyemwambia neno. Nusu ya beseni ilipokwisha alisimama.

"Shika hapa," akamwambia Chela, akamwachia beseni.

"Umeitwa?"

"Leo hakuna anayeitwa. Leo kila mtu anabisha hodi."

Akatembea hadi mtaa wa pili na kofia yake, akajipanga nyuma ya watoto waliokuwa mlangoni. Kwenye ngazi palikuwa na boga lililopinda, limechongwa jicho moja kubwa jingine dogo, mdomo umekwenda upande. Mikono ilimwasha. Aliifunga nyuma ya mgongo. Watoto wakapata vyao, wakaondoka, akabaki yeye. Mlango ulikuwa umerudishwa. Maisha yake yote hakuwahi kubisha kwenye mlango wa mwanawe.

"Hodi," akasema, akagonga, akangoja.

Britta akafungua. Alikuwa na unga shavuni, na nyuma yake palinukia kitu kilichoungua kidogo. Akamtazama mama mkwe kuanzia kofia hadi viatu.

"Karibu, mama."

Akaingia. Sofa iliwekwa pasipofaa, pazia lilikuwa fupi, na sufuria ilikuwa inafurika jikoni. Aliyaona yote kwa mpigo mmoja, na yote akayameza.

"Nimewajibu mchana," Britta akasema, akipunguza moto. "Nimewaambia siendi."

Doña Amparo alitaka kumkumbatia, kulia, kukimbia kumwambia Chela, na kuisogeza ile sofa. Machozi yalikuwa yamekwisha kumchafua wanja wa kichawi. Akavua kofia, akasimama katikati ya chumba cha watu, ameishika kwa mikono miwili.

"Nikae wapi?" akauliza.

Britta akamwonyesha kiti.