Wageni wa Anjelina

Jumanne moja ya mwezi wa sita, baada ya alasiri, Bi Balqis alitoka kwenye chumba chake cha kusomea kwenda kuuliza chai imechelewa nini. Nyumba yake ipo Ansab, mjini Maskat, ghorofa mbili, rangi ya mchanga kama za majirani wote, na siku hiyo joto la nje lilikuwa digrii arubaini na nne. Alipofungua mlango wa jikoni alimkuta mtumishi wake, Anjelina, anakata vitunguu. Wanawake watatu wa Kizungu walikuwa wamekaa kwenye viti vifupi vya plastiki, wanamsaidia kumenya. Walivaa magauni ya sufu yanayofika vifundoni, na pindo za magauni hayo zilikuwa zikichuruzika maji ya mvua.

"Samahani mama, chai naileta sasa hivi," Anjelina alisema. "Hawa ni wageni wangu."

"Karibuni," akasema Bi Balqis. "Anjelina, watandikie taulo chini. Hayo marumaru yanateleza."

Akarudi chumbani kwake, akakaa kitini. Hakuwa na hofu. Aliwajua wale wanawake tangu alipomwona yule wa kati, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto. Moto ule ulimpata sura ya nne.

Walikuwa wametoka kwenye riwaya aliyoifundisha chuoni miaka ishirini na minane, riwaya ya Kiingereza ya karne ya kumi na tisa. Ni habari ya dada watatu wa mji mmoja wa baridi. Baba yao anakufa, na nyumba inakwenda kwa binamu wa kiume kwa sababu ndivyo sheria ya kwao ilivyotaka. Binamu anataka kumwoa mmoja wao ili wengine wapate pa kulala. Wanamkatalia wote watatu. Wanapanga chumba kimoja, wanafungua skuli ya wasichana, na akiugua mmoja wawili wanambeba. Bi Balqis alipata udaktari wake kwa riwaya hiyo. Sura ya kumi na tisa ilimliza kila mwaka, mbele ya wanafunzi, wala hakuona haya. Katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja kati ya wale dada aliyewahi kuja kumtazama, hata kuchungulia dirishani.

Sababu ya wao kuja kwa Anjelina ilikuwa ndogo. Bi Balqis alinunua chapa mpya yenye maelezo chini ya kila ukurasa, na ile nakala ya zamani, isiyo na jalada, akamwambia Anjelina aitumie kuwashia makaa ya ubani. Anjelina alimaliza kidato cha nne kwao Rombo, na Kiingereza alikuwa nacho cha kutosha. Hakuichoma. Aliisoma wima, akisubiri wali uive, siku tisa. Siku ya kumi wakabisha hodi mlango wa nyuma.

Basi wakawa wanakuja kila siku baada ya alasiri. Bi Balqis alipata sababu nyingi za kupita karibu na jikoni. Alitarajia kusikia habari za uhuru wa mwanamke. Alisikia habari za miguu inayovimba kwa kusimama, na jinsi ya kutoa doa la chai kwenye kitambaa cheupe. Wale dada walisema Kiingereza chao cha zamani, Anjelina akijibu kwa Kiswahili cha bara, na hakuna aliyemuuliza mwenzake umesemaje. Walicheka sana.

"Winifrida we, acha uongo!" Anjelina alikuwa akisema, huku anajifuta machozi kwa kiwiko. "Mchumba gani anakuja na mwavuli wa mama yake?"

Bi Balqis alisimama mlangoni. "Anaitwa Winifred," alisema. "Na huyu ni Dorcas, na mdogo wao Lettice. Ukitaja majina ya watu yataje sawasawa."

"Kwetu parokiani ni Winifrida, Dorkasi na Letisia, mama. Wenyewe hawajakataa."

Bi Balqis akamtazama Winifred. Winifred akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, hawajakataa. Akarudi kwenye bamia zake.

Usiku wa siku ile Bi Balqis hakula. Mumewe, Amur, alikufa miaka sita nyuma, na yeye alizoea kula peke yake, lakini siku ile sahani ilimkaa mbele kama mtu anayemdai jibu. Aliwaza hivi: mimi ndiye niliyewatetea kwenye mikutano mitatu ya wataalamu, nikagombana na watu kwa ajili yao, na wao wanakaa juu ya plastiki na msichana aliyewasoma siku tisa.

Anjelina alikuwa na dada yake mwenyewe. Anaitwa Aika, mdogo wake wa tumbo moja, na alifanya kazi kwenye nyumba moja Qurayyat, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari. Dada hao wawili walikuwa Omani miaka miwili na hawajaonana ila kwenye simu. Sasa mkataba wa Aika umekwisha, na Jumamosi anapanda ndege kurudi nyumbani, moja kwa moja. Anjelina alikuwa amebakiwa na miaka miwili mingine. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye kabati la chuma la Bi Balqis tangu siku aliyofika. "Nnakuwekea amana," Bi Balqis alimwambia siku hiyo, na ndivyo alivyoamini mwenyewe. Ruhusa ya kwenda Qurayyat alikuwa ameshaitoa: Ijumaa, tangu asubuhi mpaka magharibi. Anjelina alikuwa ameshapiga pasi gauni.

Jumatano, siku tatu kabla ya safari ya Aika, Bi Balqis aliwaalika wale dada majlis, kwenye sebule ya wageni. Alifukiza udi, akapanga halua na tende, akatoa dele la kahawa, la shaba, la mama yake ambalo halitoki ila kwa watu wakubwa. Wakaja kwa mlango wa mbele kwa kuwa wamealikwa, wakafuta viatu, wakakaa sambamba juu ya mito. Akawamiminia kahawa.

"Sura ya mwisho," alimwambia Winifred, "siku ulipomkatalia binamu mara ya pili. Nimeandika kurasa arubaini juu ya ukimya wako pale. Ulikuwa unawaza nini?"

Winifred alifikiri. "Tulikuwa na njaa," alisema.

"Na baridi," akaongeza Dorcas.

Bi Balqis akawamiminia tena. Kila mtu wa Maskat anajua kwamba mgeni aliyetosheka hutikisa finjani anapoirudisha, na asiyetikisa anataka tena, na mwenye nyumba hana hiari ila kummiminia. Wale dada hawakujua. Kwao ni utovu wa adabu kukataa kilichomiminwa. Kwa hiyo wakawa wananywa, naye akawa anamimina. Finjani ya tano, ya nane, ya kumi na moja. Lettice macho yalikuwa yameshamtoka, na mguu wake mmoja ukawa unacheza peke yake. Bi Balqis aliona. Neno moja tu lingetosha kuwaeleza, na hakulisema, kwa sababu muda wote walioshika finjani walikuwa wageni wake yeye.

Anjelina akaingia kubadilisha sinia ya tende. Akatazama, akaelewa, akacheka.

"Jamani! Mtakufa na kahawa. Fanyeni hivi," akasema, akatikisa mkono wake mtupu mara mbili.

Wote watatu wakatikisa finjani kwa pamoja, kama waliozaliwa Matrah. Winifred akaiweka yake chini.

"Ahsante kwa ukarimu," alisema. "Sasa tunaweza kwenda jikoni?"

Walipofika mlangoni, Dorcas aligeuka. "Ijumaa anakwenda kwa dada yake, siyo?" aliuliza.

Bi Balqis alibaki na dele mkononi, bado zito.

Baada ya magharibi akamwita Anjelina.

"Ijumaa hii haitawezekana," alisema. "Kesho nna muhadhara, na Ijumaa huenda watu wakaja kunipongeza."

"Mama, Aika anaondoka Jumamosi."

"Si mnaonana kwenye simu kila siku?"

"Tunaonana, mama. Lakini uliniahidi."

"Nimekukatalia? Nimesema si Ijumaa hii tu. Mie na wewe tunakaa humu kama ndugu, Anjelina. Usinifanye kafili, mwajiri wa kwenye karatasi tu."

"Ndiyo mama."

Jikoni, Letisia alikuwa akisikiliza. Bi Balqis alimsikia akisema kwa ile sauti yake nyembamba, "Kwetu sisi hakuna Ijumaa ya kuombwa. Unavaa viatu, unakwenda." Kisha bomba likafunguliwa na sauti nyingine hazikusikika.

Alhamisi Bi Balqis alitoa muhadhara wake kwenye jumuiya moja ya akina mama. Mada ilikuwa udugu wa kike na uhuru wa mwanamke katika riwaya za karne ya kumi na tisa. Alisema vizuri, pengine vizuri kuliko siku zote. Alieleza jinsi mwanamke asiye na nyumba wala karatasi yenye jina lake anavyopata dunia nzima akishikwa mkono na mwenziwe. Msichana mmoja wa mbele aliuliza, "Doktora, leo hapa kwetu nani anaishi kama wale dada?"

"Sote," alijibu Bi Balqis, na ukumbi ukapiga makofi.

Ijumaa asubuhi jiko lilikuwa safi, mchele umerowekwa, na Anjelina hayupo. Mlango wa nyuma ulikuwa umekomewa kwa ndani. Gauni lililopigwa pasi halikuwepo, viatu navyo havikuwepo. Bi Balqis alifungua kabati la chuma, pasi ilikuwepo. Akaichukua ile riwaya isiyo na jalada juu ya meza, akafungua sura ya saba, pale dada wanapohamia kwenye chumba cha kupanga na kubeba godoro kwenye mvua. Walikuwa wanne. Wa nne alishika upande mzito. Akalinganisha na ile chapa mpya, nayo ikawa hivyo hivyo, na maelezo ya chini hayakusema lolote.

Akapiga simu kwa wakala aliyemletea mtumishi.

"Kakimbia?" aliuliza karani.

"Kaingia kitabuni."

"Kitabu gani?"

Akamtajia. Karani aliandika. "Mwezi uliopita tulikuwa na mmoja wa Rusayl aliyeingia kwenye kalenda ya ukutani," alisema. "Pasi unayo?"

"Nnayo."

"Basi huna kosa. Nitaandika kakimbia. Wiki ijayo nakuletea mwingine, kijana, mtulivu. Huyu hasomi."

Waliokuja kumpongeza siku ile walikuwa wawili, jirani yake Hamdiya na binti yake, na walikaa dakika ishirini. Walipoondoka, Bi Balqis alikaa na kalamu ya risasi na kile kitabu. Pembeni ya ukurasa mmoja aliandika neno moja, "Baridi?", kujaribu. Mistari miwili chini, Letisia akasema kwamba anasikia baridi, akaenda kuchukua shali. Kwa hiyo walikuwa wanasoma.

Jumamosi simu ya mezani ikalia.

"Shikamoo mama. Ni Aika, mdogo wake Anjelina. Naomba kuongea na dada. Simu yake haipatikani tangu jana."

"Marahaba. Hayupo."

"Katoka mama? Anakuja huku?" Nyuma yake tangazo la ndege lilikuwa likisomwa kwa Kiarabu. "Niko eapoti tangu asubuhi. Alhamisi aliniambia atakuja hata kwa dakika kumi. Sasa wanatuita kuingia."

Bi Balqis akahamishia simu sikio la pili.

"Basi mama, mwambie nimemsubiri mpaka mwisho. Mwambie nimekaa mlangoni, sikwenda hata kununua maji, nisije nikapishana naye. Utamwambia?"

"Ntamwambia."

Akaweka simu chini, akafungua kitabu. Sura ya nane. Dada wanne wapo mezani wanakanda unga wa mkate, dirisha limefunga ukungu. Anjelina anainua uso na kuuliza, "Aika amepiga?" Swali limechapwa kwa Kiswahili, katikati ya Kiingereza. Winifrida anamjibu, "Bado," na wote wanne wanatazama pembeni ya ukurasa, upande wenye nafasi.

Bi Balqis alichukua kalamu ya risasi. Nafasi ilikuwepo tele. Alikaa nayo muda mrefu, ncha ikigusa karatasi, akiwatazama walivyobanana kwenye benchi moja, bega kwa bega, mikono ya wote myeupe kwa unga.

Kisha akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kitaalamu: *Udugu. Mfano bora. Uulizwe kwenye mtihani.*

Waliusoma. Anjelina akainamisha uso, akaendelea kukanda. Bi Balqis akafungua ukurasa unaofuata, na mwingine, mpaka adhana ya alasiri, akitafuta kama kuna mahali popote ambapo mmoja wao atamuulizia yeye.