Sentensi Isiyo na Kosa

Mwalimu Sefania aliandika ubaoni kichwa cha insha ya Kiingereza: jinsi nilivyokua mwaka huu. Kidato cha kwanza kizima kikainama kuandika. Rahabu peke yake alibaki ameduwaa mbele ya daftari jeupe, naye ndiye aliyeongoza darasa kwa somo hilo.

Januari, alipokuja Lushoto kutoka Mgwashi, alijua Kiingereza cha kuombea ruhusa ya chooni tu. Shuleni palikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukisikika unasema lugha nyingine unavishwa shingoni, nawe unamvizia mwenzako umrithishe. Atakayekutwa nacho Ijumaa jioni, Jumamosi anachimba shimo la taka wenzake wakisukana. Uhuru ulikuwa umetimiza miaka saba, redioni kila siku ni kujitegemea, lakini kibao kilikuwa hakijapata habari. Rahabu hakuwahi kukivaa, na alijivuna sana, kwa nini tufiche?

Alhamisi moja ya Agosti bibi yake, aliyemlea tangu anatambaa, akaja. Alikuwa mgonjwa, akakataa katakata kulazwa hospitali ya Bumbuli mpaka amwone mjukuu wake. Alisimama langoni na kikapu cha pea, akamsalimu kwa Kishambaa, lugha pekee aliyoijua, akamwuliza kama anakula, kama baridi haimwumizi. Hatua chache kando yao Klara, mwenye kibao siku ile, alikuwa ametega masikio.

Rahabu akapiga goti kwa heshima. Kisha akafungua kinywa, na Kiingereza kikamtoka sentensi nzima, ndefu, isiyo na kosa, ya kwanza maishani mwake. Alimsihi bibi aende zake upesi asije akamponza.

Bibi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akampapasa mashavu, akamwachia kikapu, akaondoka akijikongoja.

Wiki tatu baadaye Mjomba Hezekia alileta habari za msiba. Walikuwa wamekwisha kuzika.

"Usilie sana, mwanangu," alimwambia. "Bibi yako amekufa na furaha. Wodini kila mgonjwa alisimuliwa kwamba mjukuu wake amembariki kwa Kizungu. Alijaribu hata kuyarudia yale maneno, yakamshinda. Hivi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia aende salama, Mjomba."

Mjomba alifurahi, akaenda kuwaeleza waliokaa matanga. Rahabu alijichukia kwa uongo ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Sasa, darasani, alichukua kalamu hatimaye. Hakuandika habari za kukua. Aliandika kumwomba bibi msamaha, mistari ikafuatana bila kufutwa, ukurasa ukajaa. Alipousoma tena aliona ni Kiingereza kizuri kuliko chote alichowahi kuandika, na bibi asingeelewa hata neno moja.