Seli Zilizoogeshwa Hewa

Jamani, hili hata ukiapiwa hutaamini: chupa moja ya maji iliwapiga chenga wasomi miaka miwili mizima!

Chiriku, ndivyo walivyomwita maabarani kwa kuongea kwake, alikuwa analea seli za mishipa ya damu. Anazifungia kwenye kasha lenye oksijeni kiduchu, kisha anapima kimeng'enya kinachosaidia mshipa ulegee damu ipite. Hewa ikipungua, kimeng'enya kinatakiwa kizubae. Chake? Wapi! Kinachapa kazi kama kawaida. Karudia mara tatu, vilevile!

Profesa akamwambia, "Kesho ya mwisho, binti. Ikigoma, utafiti wako naufunga."

Jioni hiyo alipokwenda kuosha vyombo, akaganda, chupa mkononi. Haya maji ya chumvi ya kuoshea seli yanakaa mezani, yamejaa oksijeni! Yaani unamnyima mtu hewa kutwa, halafu kabla hujampima unamwogesha hewa? Si atazinduka!

Chupa akaiweka wazi ndani ya kasha, ikalala humo oksijeni iyatoke maji. Kesho yake akaoshea seli humohumo, mikono kwenye glavu za kasha, jasho linamchuruzika. Mashine ikasoma. Kimeng'enya kimeshuka chini ya nusu!

"Dada! Dada, njoo uone!"

Dada, mwanafunzi aliyemtangulia, ndiye aliyemfundisha kazi. Yeye anapima kimeng'enya kingine, kwenye kasha hilohilo, na tasnifu yake inakabidhiwa Ijumaa. Alitazama namba, uso ukamshuka.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "mimi nimeoshea maji ya mezani tangu nianze, miaka miwili sasa."

Mlango ukafunguka. Profesa huyo! Alipoona namba alicheka hadi miwani ikateleza.

"Sasa hii ndiyo kazi! Unaendelea. Kosa lilikuwa wapi?"

"Maji, Profesa. Nilikuwa naoshea ya mezani."

"Nani alikufundisha?"

Chiriku, mdomo wote ule, akafunga bakuli. Kisha akasema, "Kichwa changu tu."

"Mwongo huyo," Dada akasema. "Ni mimi. Na namba zangu zote zimeoga hewa."

Profesa akavuta kiti, akakaa.

"Ijumaa isahau. Asubuhi kasha lako, mchana la Chiriku. Miezi minne unarudia yote. Na yeye atakufundisha kuosha."

"Nina viboko mimi," Chiriku akasema. "Shika adabu, mwanafunzi."

Dada akacheka huku anajifuta machozi.

Haya, niambie: ungekuwa Dada, umeshafichiwa siri, Ijumaa hiyo hapo mlangoni, ungefungua mdomo?