Sketi ya Kodrai ya Maua

Nilikuwa nimepiga magoti miguuni pa dada wa duka la dawa, pini tatu mdomoni, nikimpandishia pindo, pale kiganja changu kilipoteleza kushuka pajani juu ya sketi yake ya kodrai na moyo ukanilipuka paa.

Kodrai ya nguo haitelezi hivyo. Ina manyoya yanayolala upande mmoja, na sisi washona nguo huyaelekeza juu ili rangi iive. Anayeyashusha chini ni fundi makochi, kwa sababu watu hukaa na kuinuka, na kiti kikikwaruza mteja atanung'unika. Na fundi makochi mtaani kwetu alikuwa mmoja tu. Nilikuwa nimeolewa naye.

"Kiuno kimekaa vizuri mno, wifi," alisema yule dada wa duka la dawa. "Ni pindo tu."

Aliniita wifi kwa kuwa yeye alimwita mume wangu kaka. Kaka! Mpaka leo sijui kama kuniletea sketi ile kulikuwa ujinga au jeuri.

"Nani kakushonea?"

"Ah, fundi mmoja tu."

Kitambaa nilikifahamu. Alikileta dukani kwetu dada huyohuyo, makochi yake yavalishwe: kodrai ya kahawia iliyochapwa maua madogo ya rangi ya chungwa. Cherehani yangu ilikaa dirishani. Nyundo, misumari na sponji za mume wangu zilikaa nyuma ya pazia. Jora lilipofunguliwa nililaza shavu juu yake. Nilikipenda kitambaa kile kama mtoto anavyopenda kitu cha jirani.

"Kikibaki, mwombe aniuzie," nilimwambia mume wangu. "Nataka koti."

Makochi yalipokamilika akaniambia kimeishia chote kwenye mito. Nikamwamini, nikajishonea koti la kitambaa kingine, ambalo sikulipenda hata siku moja.

Pindo nililimaliza. Shetani alinishawishi nilipinde upande, lakini nikajikaza kisabuni. Jina la kazi yangu nalilinda. Dada akajigeuza mbele ya kioo, akashukuru, akaondoka, na maua yale yakaenda yakicheza nyuma yake mpaka ng'ambo ya barabara. Nilimwonea wivu hadi meno yakaniuma.

Nikavuka pazia.

"Sketi ya dada yako nimeiona," nilimwambia mume wangu. "Manyoya umeyalaza kama ya kochi."

Akaweka nyundo chini. Hakukana, hilo namkubalia.

"Aliniomba. Mabaki yalikuwa yake."

"Na mimi? Miaka yote hii hujanishonea hata mfuko."

"Wewe ndiye fundi nguo, mke wangu. Ningeanzia wapi?"

Jibu lilikuwa tamu, na nilikaribia kulimeza. Lakini futikamba katika duka lile ilikuwa moja, yangu, na haikuwahi kutoka shingoni mwangu au kwenye droo ya cherehani. Nikamwuliza kile nilichotaka kujua.

"Ulimpimaje?"

"Kwa macho tu," alisema, na hata akatabasamu kidogo, fundi anayejivunia ufundi wake. "Kazi hii inazoesha macho."

"Sawa. Basi nipime na mimi."

Akanitazama. Mabegani, kiunoni, tena mabegani. Akakunja uso. Mimi nilisimama wima, mikono kando, kama wateja wangu wanavyosimama.

Halafu akanipita, akavuka pazia, na nikamsikia akifungua droo ya cherehani, akiitafuta futikamba.