Leseni ya Maisha kwa Kompyuta Tisa

Evodia alikuwa amepewa wiki tatu kutengeneza filamu ya katuni ya dakika moja na nusu, kuhusu mbuzi anayetafuta maji safi ya kunywa. Shirika moja la mifugo lilitaka kuionyesha kwa wafugaji wa upande wa Gulwe. Mbuzi alikuwa amekwisha kuchorwa, na alikuwa mbuzi hasa: ndevu, kwato, na manyoya yanayopepea unywele mmoja mmoja. Hayo manyoya ndiyo yaliyoleta balaa. Filamu ilihitaji picha elfu moja na themanini, na kompyuta yake ilitumia dakika sabini kukamilisha picha moja. Alipopiga hesabu alipata siku hamsini na mbili, tena kama umeme haukatiki.

Ndipo aliponunua kompyuta tisa chakavu kwenye mnada wa chuo kimoja kilichofungwa, ili zigawane kazi. Alizipeleka kwa mama mwenye nyumba wake kule Nzuguni, Mama Restuta, aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya kukagua tiketi kwenye treni. Mama huyo alikuwa na banda la kuku lisilo na kuku.

"Shikamoo mama. Naomba banda, nataka kuanzisha shamba la kompyuta."

"Marahaba. Shamba la nini?"

"Ndivyo tunavyoliita. Kompyuta nyingi, kazi moja."

"Na mbolea utatoa wapi?" aliuliza Mama Restuta, lakini ufunguo akatoa.

Kompyuta zilikuwa tupu. Chuo kilikuwa kimefuta kila kitu, hata mfumo endeshi, ile programu ambayo bila hiyo kompyuta ni boksi tu. Kununua Windows halali kwa mashine tisa Evodia asingeweza. Akamwita Castory, fundi kompyuta wa mtaa wa Majengo, bwana mwenye kitambi na flashi nne shingoni. Castory alizunguka banda zima, akaweka Windows zote tisa mchana mmoja, akiimba.

"Na leseni?" Evodia aliuliza.

Castory akampa kikaratasi chenye tarakimu ishirini. "Hiyo hapo. Ya maisha."

"Moja kwa zote tisa?"

"Dada, hii ni ya maisha. Zibandikie ukutani."

Siku tatu mambo yalikwenda vizuri. Ya nne, Evodia alifungua banda akakuta kimya. Kompyuta zote zilikuwa zimezimika. Akaziwasha. Baada ya saa moja kamili zikazimika tena, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoaga msibani. Kwenye kioo kulikuwa na maneno kwamba muda wa leseni umekwisha. Castory alikuwa ameweka toleo la majaribio, ambalo likiisha muda wake huizima kompyuta kila baada ya saa moja.

Picha moja ilihitaji dakika sabini. Kompyuta iliishi dakika sitini. Evodia akakaa juu ya ndoo akawaza kumnyoa mbuzi.

Mama Restuta akachungulia. "Mbona umejiinamia?"

Evodia akamweleza, akamwonyesha kikaratasi. Mama akavaa miwani.

"Maisha, alisema? Maisha ya nani? Ya nzi?" Kisha akasogeza karatasi karibu zaidi na macho. "Mwanangu, tarakimu ishirini, nne nne. Hii ni namba ya LUKU."

"Haiwezekani, mama."

Walikwenda kwenye mita ya umeme ukutani, Mama Restuta akabonyeza tarakimu zote kwa kidole kimoja, polepole. Mita ikakataa: umeme ule ulishatumika.

"Hata umeme wenyewe kaumaliza," alisema Mama. "Twende."

Castory aliwaona wakija, akataka kuinama chini ya meza, lakini kitambi kikamzuia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii ni leseni ya kompyuta?"

Castory akaitazama karatasi, kwanza mbele, kisha nyuma. "Mama, nadhani nilichanganya vikaratasi."

"Na ile ya kweli iko wapi?"

Castory akaanza kupapasa flashi zake shingoni.

"Miaka thelathini," Mama Restuta alisema kwa sauti iliyosikika hadi kwenye duka la jirani, "nimewateremsha watu waliosafiri tisa kwa tiketi moja. Wewe umewapandisha tisa bila hata hiyo moja. Beba flashi zako."

Castory akafuata. Njiani Evodia alimwambia cha kufanya: wafute Windows, waweke Linux, mfumo endeshi mwingine ambao ni wa bure, na ile programu anayochorea katuni inafanya kazi humo vilevile. Angejua kuiweka tangu mwanzo, asingemwita mtu.

"Bure?" Mama Restuta alisimama katikati ya njia. "Tunatoka kwa mwizi tunakwenda kwa mwizi mwingine?"

"Ni halali, mama. Leseni yake inaruhusu kutumia, kunakili, hata kumpa mwenzako."

"Tiketi gani hiyo ya kumpa mwenzako? Nani anamlipa dereva?"

Evodia alijaribu kumweleza habari za watu wanaojitolea duniani kote, akashindwa katikati. Mwishowe Mama alikubali kwa sharti kwamba leseni isomwe kwanza. Ilikuwa ya Kiingereza, ndefu. Evodia alitafsiri aya kwa aya huku Mama ameketi kwenye kiti mlangoni na Castory amesimama, anatoka jasho. Walipofika mwisho, Mama akaitikia kwa kichwa. "Haya. Hawa angalau wameandika."

Castory akaweka Linux kwenye zote tisa na kunakili mafaili ya filamu, chini ya uangalizi. Kila mashine ikapewa sekunde kumi za filamu. Ya mwisho ilimaliza asubuhi ileile ya safari ya kwenda kuionyesha kwa wafugaji, na Evodia aliunganisha vipande akiwa ndani ya gari la Henry, afisa mifugo, barabara ikimrusha. Hakupata nafasi ya kuitazama.

Kijijini wafugaji walijaa ofisini mbele ya runinga. Mbuzi akatokea, manyoya yanapepea, watu wakafurahi. Akafika kwenye dimbwi chafu, akainama kunywa. Papo hapo manyoya yote yakapotea. Akabaki mwekundu, uchi kama kuku aliyenyonyolewa, kwa sekunde kumi nzima. Kisha akafika kwenye maji safi, na manyoya yakarudi.

Evodia akaelewa mara moja. Kwenye mashine moja Castory alisahau kunakili faili la manyoya.

Mzee mmoja wa mbele akainua fimbo.

"Rudisha. Hapo kwenye dimbwi."

Waliirudisha mara nne. Wanawake walishika midomo. Mzee akauliza kama na mwenye mbuzi huwa hivyohivyo akinywa.

Henry akakohoa. "Inategemea," alisema.

Ndani ya gari, wakiwa wamefika mbali, Evodia alimweleza ukweli. Henry alicheka mpaka akalazimika kuegesha kando ya barabara na kufuta machozi.

"Nitairekebisha," Evodia alisema. "Ni sekunde kumi tu."

"Thubutu!" alisema Henry.

Jumamosi iliyofuata kijiji kizima kilitoka na majembe kulizungushia dimbwi uzio wa miiba.